Kigoda cha Mlangoni

Shangazi yangu hapendi niisimulie habari hii kwa hasira. Anasema hasira ni pasi ya mkaa: usipoishika vizuri unajiunguza kabla hujanyoosha nguo. Mimi namjibu kwamba nguo yenyewe imekunjamana mno, na si yeye peke yake aliyevalishwa. Kwa hiyo nitasema kwa namna yangu. Asiyependa maneno aende saluni ya mtaa wa pili, kule wanasuka kimya kimya.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kikubwa nilichoachiwa na kinyozi aliyehama. Kioo hicho kilikataa kukaa sawa ukutani. Msumari mmoja ulikubali, mwingine ukagoma, basi kimebaki kimeinama. Mteja akikaa anajiona yeye, lakini mimi nikisimama nyuma yake naona ng'ambo ya barabara: mlango wa ukumbi wa mtaa, ngazi zake za saruji zilizomeguka, na kila anayeingia na kutoka. Mengi ninayoyasimulia niliyaona kwenye kioo hicho. Mengine niliyafuata kwa miguu yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Maisha yake yote amekuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa madarasa yale ya kati ambapo watoto hawalii tena lakini bado hawajajua kudanganya vizuri. Ana sauti ndogo. Darasa lake lilikuwa linanyamaza ili lipate kumsikia. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na saa ikafa kabla hotuba haijasahaulika.

Kitu kimoja kilimkera tangu siku yake ya kwanza ya kazi mpaka ya mwisho, nacho ni wimbo ambao kila aliyekaa darasani anaujua. Mwalimu anamaliza kueleza, anageuka kutoka ubaoni, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Waliosinzia wanaitikia. Waliokuwa wakitazama kunguru dirishani wanaitikia, tena wao ndio wenye sauti kubwa kuliko wote.

"Hawanidanganyi kwa ubaya," Shangazi alikuwa akiniambia huku anakuna visigino vyake baada ya kazi. "Wanataka niendelee ili tumalize. Na mimi nataka waitikie ili niendelee. Tunastiriana."

Basi alipostaafu hakukaa kitako. Aliomba ukumbi wa mtaa kwa saa za jioni, akapaka rangi nyeusi kipande cha ukuta kikawa ubao, akaanzisha masomo ya nje ya saa za shule. Naomba nisieleweke vibaya hapa, maana neno tuisheni limechafuka. Hii haikuwa ile ya kukaririshwa mtihani wa mwaka juzi kwa matumaini kwamba wa mwaka huu utafanana nao. Watoto walikuwa wanatoka shuleni na daftari zimejaa, halafu wanakuja kwa Shangazi kuuliza kilichomo. Walipima kivuli cha nguzo ya umeme. Walichemsha maji kwa sufuria yenye mfuniko na isiyo na mfuniko, wakabishana mpaka maji yakakauka. Walikata kamba, karatasi na mikanda ya viatu vibovu ili waone robo na theluthi kwa macho. Nilikuwa nasuka na kucheka peke yangu, na wateja wakidhani nawacheka wao.

Ndani ya ukumbi ule swali la "mmeelewa?" lilipigwa marufuku. Badala yake kulikuwa na kigoda.

Kilikuwa kigoda cha kawaida cha miguu mitatu, mguu mmoja mfupi, kimetiwa kipande cha ndala chini yake kisiyumbe. Kilikaa mlangoni, upande wa ndani. Somo likikaribia kwisha Shangazi aliuliza, "Nani leo somo limemgomea?" Mtoto ambaye somo limemgomea kuliko wote ndiye aliyekwenda kukikalia. Huyo alikuwa mlinda mlango. Wengine wote walipanga foleni, na kila mmoja ilimpasa amweleze mlinda mlango jambo la siku hiyo kwa maneno yake mwenyewe, mpaka aliyekaa aseme, "Nimeelewa, pita." Asiposema, hupiti. Kueleza kukishindikana mpaka giza linakaribia, Shangazi alikuruhusu uende nyumbani, lakini kesho yake wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni, mbele ya kila mtu, mpaka umalize deni lako la maneno.

Fikiria jambo hilo. Mtoto ambaye shuleni anakaa nyuma na kuitwa kichwa kigumu, hapa ndiye mwenye funguo. Mwanzoni walionea haya kigoda. Baada ya muda mfupi wakaanza kukigombania. Wakafika mahali wanajifanya hawajaelewa ili wakikalie, na Shangazi ikambidi awe hakimu wa kujua nani mjinga wa kweli na nani wa kughushi. Niliwahi kumsikia akimwambia mmoja, "Wewe umeelewa tangu juzi, usimnyang'anye mwenzio nafasi yake."

Aliyekikalia kwa haki kuliko wote alikuwa binti mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Mbona. Jina lake halisi analijua babu yake. Anaishi na huyo babu, fundi viatu mwenye banda lake kwenye kibaraza cha nyumba yao, upande wangu wa barabara, nyumba ya pili kutoka saluni. Mama yake anafanya usafi hospitalini na hurudi amechoka hoi. Mbona ni mtoto mwembamba mwenye magoti yenye makovu, na ubongo wake una tabia moja tu: haukubali kumeza kisichotafunika. Ukimwambia jua linachomoza mashariki, anauliza mbona. Shuleni hilo lilimfanya awe wa mkia kila muhula, kwa sababu wenzake wakiwa swali la kumi yeye bado yuko la pili, analizungukia kama paka na sahani ya moto.

Siku ya somo la sehemu, zile robo na theluthi, nilikuwa sina mteja, nikavuka barabara kusikiliza. Mbona alikuwa kwenye kigoda. Mbele yake alisimama mvulana tunayemwita Kasuku, namba moja wa shule yake, mtoto anayeweza kukutajia ukurasa mzima bila kupumua.

"Sehemu ni namba inayoonesha kiasi kilichochukuliwa katika kitu kizima kilichogawanywa sawasawa," alisema Kasuku.

"Sijaelewa," alisema Mbona, bila uadui wowote. "Nane ni kubwa kuliko nne. Mbona moja ya nane iwe ndogo kuliko moja ya nne?"

Kasuku akarudia maneno yale yale, kwa sauti zaidi. Mbona akatikisa kichwa. Akarudia tena. Giza likakaribia na Kasuku akaenda nyumbani machozi yanamlenga, maana hajawahi katika maisha yake kuzuiwa na mtu.

Kesho yake alikuja amebeba mkanda wa begi uliochakaa, aliouomba kwa yule babu fundi viatu. Akasimama wa kwanza.

"Huu mkanda mmoja," alisema. "Mkiwa watu wanne mnaugawana, unapata kipande hiki. Wakija wengine wanne, mkawa wanane, mkanda ni ule ule. Chako kinakuwaje?"

Mbona aliutazama mkanda, akaukunja mwenyewe, akaukunja tena.

"Kinapungua. Kwa hiyo ile nane ya chini ni watu wanaonisubiria mkanda wangu."

"Eh."

"Nimeelewa. Pita."

Kasuku aliruka zile ngazi zote bila kukanyaga hata moja. Shangazi aliniambia usiku wakati wa kula kwamba siku ile ndipo Kasuku alipojifunza sehemu, kwa sababu mpaka hapo alikuwa na maneno tu.

Sasa huyo Kasuku ana mama, na mama yake ni mteja wangu. Alikuja siku chache baadaye nimsuke, nikamkalisha, na kabla sijagawa nywele akaanza.

"Hivi shangazi yako anafanya nini kule? Mwanangu ni wa kwanza shule nzima. Anazuiliwaje mlangoni na mtoto wa mkia?"

"Hazuiliwi, mama. Anaeleza."

"Amweleze nini yule? Yule hata akielezwa mwaka mzima. Mwanangu anapoteza muda, angekuwa amefika mbali."

"Alifika mbali lini bila kueleza?"

"Usinivute hivyo, unaniumiza."

Kweli nilikuwa namvuta. Sikuomba radhi, na nywele zile zilikaa muda mrefu kuliko zozote nilizowahi kusuka.

Mama Kasuku alijua pa kupeleka malalamiko yake. Wakati huo shirika moja lenye ofisi mjini lilikuwa limeanza kusaidia madarasa ya jioni. Kwetu lilileta chaki, vitabu vyenye harufu ya dukani, bango la kutundika mlangoni, na mratibu. Chaki tulizishukuru. Mratibu alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi, mwenye heshima ya mdomoni isiyoisha. Alimwita Shangazi "mwalimu wangu" na "mama yetu", na kila mara akianza na "mama yetu" nilijua kuna kitu kinakwenda kunyang'anywa. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alipokuja kukiona kigoda alicholalamikiwa na Mama Kasuku, alidhani ni adhabu. Shangazi akamweleza. Alisikiliza na kutikisa kichwa kwa kukubali mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeelewa kabisa, mama yetu. Wazo zuri sana. Tuliboreshe kidogo. Nafasi ya heshima kama hii apewe mwanafunzi bora, iwe motisha."

Nasema tena ili nisidhaniwe nimeongeza chumvi. Mtu mzima, mwenye shahada, alielezwa kwamba anayekaa mlangoni ni yule ambaye hajaelewa, ndiyo maana wengine wanalazimika kueleza. Akasema ameelewa. Kisha akamweka pale yule anayeelewa kila kitu. Wangemwacha kwenye foleni ya Mbona jioni ile, angelala ukumbini.

Kasuku alivalishwa utepe wa kitambaa begani, akakalishwa kwenye kigoda. Kilichofuata nilikiona kwenye kioo changu. Watoto wakawa wanapita mbele yake kama wanapita mbele ya mti. Mmoja anafungua mdomo, Kasuku ameshajua atakachosema, anasema "pita". Mwingine anasema nusu ya neno, "pita". Kabla ya juma kwisha hakuna aliyefungua mdomo tena. Ukumbi ulikuwa ukitapika watoto kwa mkupuo, na mratibu amesimama pembeni ametabasamu, anasema siku hizi wanamaliza mapema. Ule wimbo wa "ndiyooo" ulikuwa umerudi, safari hii bila hata sauti.

Mbona alipita kama wengine. Jioni moja alisimama kwenye kizingiti cha saluni, hakuingia.

"Dada, leo nimepita," aliniambia.

"Vizuri."

"Lakini sijaelewa. Mbona nimepita?"

Nikampa kitana achezee. Shangazi alijaribu kumrudisha mratibu nyuma, kwa sauti yake ile ndogo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara aliambiwa ameeleweka kabisa.

Ndipo ikatangazwa ziara. Wakubwa wa shirika wangekuja kuona mpango wa kukuza vipaji, maana darasa letu lilikuwa limeshapewa jina hilo kwenye bango. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja tukaanza kuugua kabla hajafika. Mratibu alifanya jaribio dogo la maswali, wala hakumwambia Shangazi ni la nini. Kisha akapita mwenyewe kwenye nyumba chache alizozitaka.

Kibarazani kwa fundi viatu nilimwona akiwa ameinama kwa adabu, mikono nyuma. Sikusikia maneno. Babu aliniambia baadaye. "Kasema mtoto kachoka, apumzike nyumbani siku ya wageni. Nikasema hajachoka. Akasema, hapana babu, apumzike tu. Akasema shikamoo mara mbili."

Siku ya ziara viti vya ukumbi vilivalishwa vitambaa. Ubao ulifutwa, ukaandikwa kwa mwandiko wa mratibu, mzuri, wa kulala. Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi nilipomwona Shangazi kwenye kioo akipanda ngazi, akisimama, akitazama ndani. Alikuwa anatafuta. Nikamwomba mteja anisubiri, nikavuka.

"Mbona yuko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Amepumzishwa, mama yetu," alisema mratibu. "Yeye na wenzake wawili watatu. Kwa leo tu."

"Anaumwa?"

"Hapana, haumwi. Wageni wanakuja kuona matokeo. Wale bado wako kwenye mchakato."

"Hili darasa nililianzisha kwa ajili yao."

"Najua, mama yetu, naelewa kabisa. Lakini mpango ukionekana haufanyi vizuri, utafungwa, na hao hao ndio watakaokosa. Tunawalinda."

Funika kombe mwanaharamu apite. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipoona kombe lenyewe likifunikwa juu ya mtoto. Nilitaka kusema maneno ambayo yangenizuia kusuka mtaani kwetu mpaka kufa. Shangazi alinishika mkono. Kisha akaenda mlangoni, akainama mbele ya Kasuku mwenye utepe wake.

"Simama, mjukuu wangu," alisema.

Kasuku akasimama. Shangazi akakinyanyua kigoda, akakipachika kwapani, akaokota na kile kipande cha ndala, akashuka ngazi. Pale pale gari la wageni lilikuwa linasimama. Aliwapita akawasalimu vizuri, wakaitikia, wala hawakujua kwamba aliyewapita na kigoda ndiye waliyekuja kumwona. Akavuka barabara mpaka kibarazani kwa fundi viatu, akakiweka kigoda chini, akatia kipande cha ndala, akamwita Mbona.

"Kaa," alimwambia. "Wenzako wanakuja."

Mimi sikuamini kwamba wanakuja. Nilirudi kumalizia kichwa cha mteja. Kwenye kioo niliona mlango wa ukumbi umefungwa, na kupitia madirisha sauti ya mratibu ilivuka barabara nzima, "Mmeelewa?" Jibu likatikisa bati, "Ndiyooo!" Makofi. Tena, "Mmeelewa?" Nilisuka siku ile kama mtu anayekaba.

Halafu mlango ukafunguliwa na watoto wakatokea, wakasimama. Hawakushuka. Walijazana pale juu ya ngazi wakitazama mahali ambapo kigoda kilikuwa, na waliokuwa nyuma wakiuliza kuna nini. Mratibu alisikika akiwaambia waende, wamemaliza, nyumbani sasa. Kasuku ndiye aliyejibu, tena kwa unyonge, kama anayesema ukweli ulio wazi.

"Mlinda mlango hayupo. Tutapitaje?"

Mmoja akakiona kigoda kibarazani. Akaonesha kidole. Basi walishuka, wakatazama kulia na kushoto kama walivyofundishwa, wakavuka, wakapanga foleni mbele ya banda la viatu. Kasuku alivua ule utepe akautia mfukoni kabla hajafika mbele. Hakuna mtu mzima aliyewaagiza. Nilimwacha mteja wangu na nusu ya nywele, naye akanifuata hivyo hivyo.

Wageni nao walivuka, maana waliona foleni na watu wa ofisi wanapenda kuona foleni. Aliyewaongoza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mratibu alikuja nyuma yake anajifuta jasho. Kasuku alikuwa ameshaanza kumweleza Mbona jambo la siku ile, na Mbona alikuwa ameshamwambia hajaelewa, na Kasuku alikuwa ameshachuchumaa chini kuchora kwa kidole. Yule mama alisikiliza kidogo. Uso wake ulikuwa mwema, siwezi kumsingizia.

"Huyu binti ni wa darasa hili?" aliuliza. "Mbona hakuwa ndani?"

Mratibu akanyoosha tai. Akamweleza kwamba mpango una makundi, kwamba kila kundi lina kasi yake, kwamba katika hatua hii walengwa wa ngazi ya chini wanaratibiwa kwa namna tofauti ili kutoathiri viashiria. Alisema vizuri sana, bila kukwama. Yule mama akatikisa kichwa.

"Nimeelewa," alisema.

Wenzake wawili wakatikisa vichwa nao. Wameelewa.

"Mimi sijaelewa," alisema Mbona.

Hakusema kwa ukaidi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na mtu mzima alikuwa ameeleza kitu mbele yake, na kwa utaratibu anaoujua yeye, hiyo ndiyo kazi ya aliyekaa. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya babu.

Mratibu alicheka kidogo. "Ulipumzishwa tu, mtoto mzuri."

"Sikuchoka."

"Ulipumzishwa ili wageni waone darasa linafanya vizuri."

"Mimi nikiwepo halifanyi vizuri?"

"Linafanya. Ila... wageni wakiona linafanya vizuri, watasaidia watoto wengi zaidi."

"Watoto gani?"

"Watoto ambao..." Alitazama viatu vyake. Vumbi la barabara lilikuwa limeviingia. "Watoto ambao masomo yanawapa shida. Wanaohitaji msaada."

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

Mbona alifikiri. Alilifikiria jibu hilo kama alivyoufikiria ule mkanda, akalikunja na kulikunja tena, sisi wote tunamtazama.

"Sasa mbona mimi ndiye niliyeambiwa nibaki nyumbani?"

Babu aliacha kugonga kisigino alichokuwa anagonga. Mratibu alinyoosha tai tena. Nilimsubiri. Nakiri nilikuwa nafurahia, lakini nilimsubiri kwa haki, kwa sababu kama angesema tu "nilikosea", mtoto yule angeelewa mara moja na angempitisha. Halikuwa neno gumu. Yule mama mwenye miwani alitazama saa yake, akasema kwa upole kwamba wana sehemu nyingine ya kwenda. Wakaondoka kuelekea garini. Mratibu akageuka awafuate, na watoto wa foleni, kwa mazoea tu, wakamwangalia kwa mshangao.

"Hajapitishwa," mmoja alimnong'oneza mwenzake.

Mratibu aliizunguka foleni akaenda.

Juma lililofuata ukumbi ulikuwa na kufuli jipya. Mpango wa kukuza vipaji ulihamia shule moja upande wa pili wa mji, wakachagua watoto kwa jaribio, na nasikia unafanya vizuri sana. Mama Kasuku alimpeleka mwanawe huko, lakini akitoka kule mtoto anapitia kwetu. Mwenyekiti wa mtaa alimwambia Shangazi awe na subira. Subira yake ninaijua, imeshakula miaka ya watu wengi. Shangazi hakubishana naye. Alipaka rangi nyeusi ukuta wa nje wa banda la viatu, babu akasogeza meza yake, na sasa darasa liko kibarazani. Mvua ikinyesha wanahamia saluni kwangu, wateja wanakunja miguu.

Lakini kinachonipandisha hasira mpaka leo si kufuli. Ni ile siku iliyofuata ziara. Watoto walikifuata kigoda kibarazani baada ya shule, wakasoma, wakapanga foleni, na Kasuku akasogea mbele kwa kuwa jana yake hakumaliza. Mbona akainua mkono kumzuia.

"Subiri," alisema. "Wewe ni wa pili."

"Wa kwanza nani?"

"Mratibu. Jana hakumaliza kunieleza. Leo ndiye wa kwanza."

Ilikuwa kanuni ya Shangazi mwenyewe. Watoto hawakucheka. Walirudi nyuma hatua moja, wote, wakaacha nafasi ya mtu mmoja mbele ya kigoda, wakageuza shingo kutazama barabarani.